UZI: Msaada wa umma Marekani 1935 hadi 1970: pesa ya shirikisho, mpango wa jimbo na meza ya afisa wa kaunti

#1 Masijala

Wakuu, heshima mbele. Kila mada ya ustawi wa jamii Marekani ikiguswa, haikosi mtu wa kusema Roosevelt alianzisha posho ya serikali mwaka 1935, basi, habari imekwisha. Haikuwa hivyo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyosainiwa 14 Agosti 1935 ilibeba mambo mawili yasiyofanana. Kulikuwa na bima ya uzee, Sura ya II, iliyoendeshwa na Washington yenyewe: unakatwa kwenye mshahara, unatunziwa kumbukumbu, ukifika miaka 65 na kustaafu unalipwa. Halafu kulikuwa na msaada wa umma kwa maskini: wazee Sura ya I, watoto wategemezi Sura ya IV, vipofu Sura ya X. Mwaka 1950 wakaongezwa wenye ulemavu wa kudumu, Sura ya XIV. Katika huu msaada wa umma Washington haikumlipa raia hata mmoja. Ililipa majimbo, na jimbo au kaunti ndiyo iliyomwandikia mtu hundi.

Uzi huu ni wa hayo ya pili. Naanza na karatasi iliyobeba kila kitu, yaani mpango wa jimbo.

Jimbo lililotaka pesa liliandika mpango na kuupeleka kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, bodi ya watu watatu. Mpango ukitimiza masharti, Bodi haikuwa na hiari, ilibidi iuidhinishe. Masharti yenyewe: mpango ufanye kazi katika kaunti zote, zisichaguliwe zenye uwezo tu; jimbo litie pesa yake, lisizibebeshe kaunti mzigo wote; kuwe na chombo kimoja cha jimbo kinachoendesha au kusimamia; aliyekataliwa apewe nafasi ya kusikilizwa kwa haki na chombo hicho cha jimbo; taarifa zipelekwe Washington kwa namna Bodi itakavyotaka. Sharti la ukaazi nalo liliwekewa kikomo. Kwa wazee jimbo halikuruhusiwa kudai zaidi ya miaka 5 kati ya 9 iliyopita, ukiwamo mwaka 1 mfululizo kabla ya kuomba. Kwa watoto, mwaka 1.

Sasa angalieni kisichokuwamo. Hakuna kima cha chini cha malipo. Rasimu ya mwanzo ilitaka mzee apewe kiasi cha kumwezesha kuishi kwa heshima na afya. Wabunge wa Kusini, Seneta Harry Byrd wa Virginia akiwa mstari wa mbele, wakahakikisha maneno hayo yanafutwa, kwa hofu kwamba Washington ingewapangia wazee weusi wa kwao walipwe kiasi gani. Yaliyobaki ni kwamba jimbo litasaidia kadiri hali yake inavyoruhusu. Karibu kila ugomvi wa miaka 35 iliyofuata unapitia kwenye tundu hilo.

#2 Mhasibu wa Kaunti

Mkuu Masijala umefungua vizuri. Mimi nishike pesa, maana bila hesabu hii huwezi kuelewa kwa nini wazee walipendelewa na watoto wakaachwa nyuma.

Mwaka 1935 Washington ilirudisha nusu ya alicholipwa mzee, kwa kuhesabu mpaka $30 kwa mwezi. Jimbo likitoa $15, linapata $15. Kwa watoto ilirudisha theluthi tu, na kikomo kilikuwa $18 kwa mtoto wa kwanza na $12 kwa kila anayefuata katika nyumba hiyo hiyo. Mama hakuhesabiwa kabisa.

Chukua mama mwenye watoto 3. Kikomo ni 18 + 12 + 12 = $42. Jimbo likimlipa $30, Washington inarudisha $10. Likimlipa $42, inarudisha $14. Likiwa na huruma likamlipa $60, inarudisha $14 ile ile na jimbo linabaki na $46 mgongoni. Ungekuwa mweka hazina wa jimbo lenye ukata, fungu lako ungelielekeza wapi? Kwa wazee, bila kufikiri mara mbili. Tena wazee walikuwa wapiga kura.

Theluthi ikawa nusu kuanzia Januari 1940, kwa marekebisho ya 1939. Mlezi akaingizwa mwaka 1950: $27 kwa mlezi, $27 kwa mtoto wa kwanza, $18 kwa kila anayefuata. Wakati huo kanuni yenyewe ilikuwa ya ngazi mbili: robo tatu ya $12 za kwanza kwa kila mtu, kisha nusu ya kinachozidi mpaka kwenye kikomo. Familia ile ile, mama na watoto 3, ikilipwa $80: $48 za kwanza zinarudishiwa $36, na $32 zilizobaki zinarudishiwa $16. Jumla $52. Jimbo lililolipa $48 tu lilirudishiwa $36, yaani asilimia 75 kamili. Kwa hiyo jimbo bahili lilipata asilimia kubwa kuliko jimbo karimu. Nia ilikuwa kuyainua majimbo maskini, na kweli yaliinuka, ila hakuna aliyeyalazimisha kupanda juu ya hiyo ngazi ya kwanza.

Jambo moja linalowachanganya wanaosoma taarifa za zamani: mpaka 1958 kikomo kilipimwa kwa kila malipo peke yake. Ziada ya familia moja haikuweza kufidia upungufu wa nyingine. Kuanzia marekebisho ya 1958 ikawa wastani wa jimbo zima. Ukilinganisha takwimu za 1956 na 1960 bila kujua hilo, utadhani majimbo yalibadilika tabia.

#3 Kijana wa Sheria

Swali dogo kwa Mhasibu. Hizo $18 na $12 zilitoka wapi? Na mama alisahaulika vipi kwenye mpango ambao kazi yake ilikuwa kumwezesha mama abaki nyumbani kulea?

#4 Mhasibu wa Kaunti

Zilinakiliwa kutoka sheria ya pensheni ya familia za askari waliokufa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Huko mtoto alikuwa na viwango hivyo, lakini mjane naye alikuwa na $30 zake pembeni. Walinakili mstari wa watoto, wa mama ukabaki kule kule. Kosa lilionekana mapema, ila kamati ya bunge haikuwa na haraka ya kulirekebisha. Miaka 15 hiyo, ndugu yangu.

#5 Dada Faili

Mmeongea Washington na hazina. Mimi niwashushe kaunti, mwombaji anapoketi mbele ya afisa.

Kwa mzee, mlima wa kwanza ulikuwa umri. Anayedai ana miaka 65 mwaka 1936 alizaliwa karibu 1871, na wakati huo sehemu kubwa ya nchi haikuwa na usajili wa vizazi. Kwa weusi waliozaliwa utumwani, kabla ya 1865, hali ilikuwa ngumu zaidi: hesabu ya watu ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina yao. Maafisa wakapokea ushahidi wa aina nyingi: ukurasa wa mbele wa Biblia ya familia, cheti cha ubatizo, karatasi za jeshi, sera ya bima ya zamani, daftari la shule. Biblia ilikaguliwa mwaka wa kuchapwa. Kama imechapwa 1905 na kuzaliwa kumeandikwa 1870, maandishi hayo yaliingizwa baadaye na thamani yake inapungua.

Vyote vikikosekana, wanaandikia Ofisi ya Sensa itafute jina. Sensa ya 1890 ilikuwa imeteketea karibu yote baada ya moto wa 1921 mjini Washington, kwa hiyo tegemeo kubwa likawa ya 1880. Sasa utalipataje jina moja ndani ya watu milioni 50? Wafanyakazi wa miradi ya WPA, mpango wa serikali ya shirikisho wa kuwapa kazi wasio na ajira, wakatengeneza kadi kwa mfumo wa Soundex: herufi ya kwanza ya jina la ukoo, halafu tarakimu tatu zinazowakilisha sauti za konsonanti zinazofuata. Smith ni S530. Smyth naye ni S530, kwa hiyo karani wa 1880 hata kama alikosea tahajia, kadi zinakaa pamoja. Na kadi za 1880 ziliandikwa kwa kaya zenye watoto wa miaka 10 kushuka tu. Wengi wanaochimba koo zao hulalamika kwamba faharasa hiyo ina mapengo. Haina mapengo. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanakaribia umri wa mafao, na hao mwaka 1880 walikuwa watoto.

Umri ukithibitika, inakuja bajeti. Afisa anaandika mahitaji kwa bei za mwongozo wa jimbo: chakula kwa idadi na umri, kodi ya nyumba, kuni au makaa, nguo. Upande wa pili anaandika mapato. Tofauti ndiyo upungufu, na upungufu ndio msaada. Marekebisho ya 1939 yalilazimisha kila mapato na mali vihesabiwe, hata mayai ya kuku wa uani na mboga za bustani, endapo afisa ni mkali. Ndugu wenye wajibu kisheria, hasa watoto wakubwa wa mzee, majimbo mengi yaliwahesabia mchango hata kama hawakutoa senti. Hapa ndipo wazee walipoumia: bajeti inasema kijana wako anakupa $10, kijana hatoi, na hundi imeshapunguzwa $10.

Kisha fungu la jimbo linapungua katikati ya mwaka. Jimbo linabakiza mwongozo ule ule, lakini linalipa, tuseme, asilimia 60 ya upungufu uliopatikana. Kwenye faili utaona namba mbili, hitaji na malipo, na msomaji asiye makini hunukuu ile kubwa.

#6 Masijala

Dada Faili, umegusa penyewe. Ongeza na hili: malipo yalipaswa kuwa fedha mkononi mwa mtu, bila masharti ya matumizi. Afisa akimlipa mwenye nyumba moja kwa moja, au akitoa karatasi ya kuchukulia unga dukani, kiasi hicho Washington haikirudishi hata senti. Waliotunga waliuchukia utaratibu wa zamani wa misaada ya vijijini, ambapo msimamizi wa maskini alimpangia mtu ale nini na anunue duka gani, mara nyingi duka la shemeji yake. Ruhusa ya kumlipa daktari moja kwa moja ilikuja 1950. Ya kumlipa mtu mwingine kwa niaba ya mama asiyejua kutunza pesa ilikuja 1962, ikiwa na kikomo chake.

#7 Kijana wa Sheria

Hapo kwenye nguvu ya Washington ndipo mnaponichanganya. Masharti yapo, sawa. Jimbo likiyavunja inakuwaje?

#8 Masijala

Silaha ilikuwa moja tu: kuzuia pesa. Na ni silaha mbaya, kwa sababu anayepigwa ni mzee, wala si gavana.

Ohio, Oktoba 1938. Chini ya Gavana Martin Davey msaada wa wazee ulikuwa umejaa siasa na uzembe, na Bodi ikazuia fungu la mwezi mzima. Ilipigiwa kelele kwamba inaadhibu wazee. Baada ya hapo Bodi ikajifunza kutumia ukaguzi wa faili, barua ndefu na mazungumzo, kisu kikabaki ndani ya ala. Bunge nalo mwaka 1939 likaongeza sharti kwamba maafisa waajiriwe kwa sifa na mitihani, kuanzia Januari 1940, na lingine kwamba taarifa za wapokeaji ziwe siri, kuanzia Julai 1941. Majina ya wazee yalikuwa yanatumika kama orodha ya wapiga kura wa kuandikiwa barua.

#9 Mpiga Darubini

Hiyo siri haikudumu, mkuu. Mwaka 1951 Indiana ilipitisha sheria ya kufungua orodha ili umma uzisome, hoja ikiwa kwamba aibu itawaondoa wasiostahili. Oscar Ewing, mkuu wa Wakala wa Usalama wa Shirikisho uliokuwa umerithi kazi ya Bodi, akaizuilia pesa. Seneta Jenner wa Indiana akachomeka kifungu ndani ya sheria ya kodi ya mwaka huo huo: jimbo laruhusiwa kufungua orodha, mradi majina yasitumike kwa biashara wala siasa. Indiana ikarudishiwa pesa yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema sheria ile ilikuwa imara ila maafisa walikuwa dhaifu. Maafisa walisimama, Bunge ndilo lililowakata miguu.

#10 Dada Faili

Sasa tuingie kwa watoto, maana huko ndiko kulikoharibika zaidi. Sura ya IV ilimlinda mtoto aliyekosa malezi au matunzo ya mzazi kwa kifo, kutokuwapo nyumbani kwa kuendelea, au kutojiweza kimwili au kiakili. Baba mzima wa afya asiye na kazi hakuhesabiwa mpaka 1961, tena kwa hiari ya jimbo. Taarifa za kamati za bunge za 1935 zilikuwa zimesema jimbo laweza kuangalia maadili ya nyumba. Kutoka hapo zikazaliwa kanuni za nyumba inayofaa.

Kanuni hizi zilifanya kazi hivi. Mama anazaa mtoto nje ya ndoa, afisa anaandika nyumba haifai, hundi inasimama. Mtoto haondolewi, anabaki mle mle, sasa bila chakula. Majimbo ya Kusini yaliongeza na kanuni ya mama anayeweza kuajiriwa. Louisiana ilianza nayo 1943: msimu wa kuvuna pamba ukifika, mama anahesabiwa ana kazi, iwe ameipata au hajaipata.

Mwaka 1960 Louisiana iliwafuta watoto takribani 23,000 kwa mkupuo kwa kigezo cha nyumba isiyofaa, wengi mno wakiwa weusi. Kelele zilifika mpaka ng'ambo. Januari 1961, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Arthur Flemming, Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa serikali ya shirikisho, akaamua kwamba kuanzia 1 Julai 1961 jimbo haliwezi kumnyima mtoto kwa sababu ya nyumba huku likimwacha aishi humo. Likiona nyumba ni mbaya, limsaidie humo humo huku likiirekebisha, au limwondoe kwa utaratibu wa kisheria na kumlipia huko aendako. Mwaka huo huo Bunge likakubali kuchangia malezi ya kambo kwa mtoto aliyeondolewa kwa amri ya mahakama.

#11 Kijana wa Sheria

Na majimbo yakatulia?

#12 Mpiga Darubini

Yatulie wapi! Yakabadilisha maneno. Badala ya nyumba isiyofaa ikaja kanuni ya baba mbadala. Alabama iliiweka 1964 chini ya kamishna Ruben King: mwanaume mwenye nguvu akihusiana kimapenzi na mama, ndani au nje ya nyumba, anahesabiwa ni baba, hivyo mtoto hakukosa mzazi, hivyo hana haki. Haijalishi kama mwanaume anatoa pesa, wala kama ana wajibu wowote kisheria.

Oktoba 1966 kaunti ya Dallas, ambako ndiko Selma, ilimfuta Bi Sylvester Smith na watoto wake 4 kwa sababu ya mwanaume aliyekuwa akija mwisho wa juma. Mwanaume huyo alikuwa na mke na watoto 9 wa kwake. Kutoka Juni 1964 hadi Januari 1967 idadi ya watoto kwenye orodha ya Alabama ilishuka kwa takribani 16,000.

Mahakama ya Juu iliitupa kanuni hiyo Juni 1968, majaji wote wakikubaliana. Sababu ndiyo ya kuzingatia. Jaji Mkuu Warren hakugusa katiba. Alisema neno mzazi katika Sura ya IV maana yake ni mtu mwenye wajibu wa kisheria wa kutunza, na tangu 1950 sheria inalazimisha msaada utolewe upesi kwa wote wanaostahili. Kile kifungu cha 1950, ambacho wengi walikisoma kama agizo la kutochelewesha majalada, kikageuka nguzo ya kesi.

#13 Dada Faili

Kabla hatujafunga, usikilizwaji wa haki. Sharti lilikuwapo tangu 1935, lakini kwa vitendo lilikuwa hivi: hundi inakatwa kwanza, kisha unaandika barua kwa jimbo, kisha unasubiri. Wengi hawakujua haki hiyo ipo, kwa sababu taarifa ya kukatiwa ilisema wewe hustahili, bila kusema kwa ushahidi gani. Huwezi kupinga usichokiona. New York ilirekebisha kidogo ilipokuwa tayari imeshtakiwa: afisa anazungumza na mpokeaji, msimamizi wake anapitia, taarifa inatoka siku 7 kabla, mpokeaji anaruhusiwa kujibu kwa maandishi. Kuonana ana kwa ana na anayeamua, au kumhoji aliyemchongea, hakuna. Hicho ndicho Mahakama ya Juu ilichokikataa 23 Machi 1970 katika Goldberg dhidi ya Kelly: usikilizwaji uje kabla ya kukata, kwa mdomo, mbele ya afisa asiyehusika na uamuzi wa mwanzo, na sababu zielezwe.

#14 Kijana wa Sheria

Ila kama Sura ya IV ilikuwa na usikilizwaji ndani yake, kwa nini mawakili wa Kelly walikwenda kwenye katiba? Wangetumia sheria ya 1935 kama alivyofanya Bi Smith.

#15 Masijala

Kwa sababu Kelly mwenyewe hakuwa kwenye Sura ya IV. Walalamikaji walikuwa makundi mawili. Wapo waliokuwa kwenye msaada wa watoto, na wapo, Kelly akiwamo, waliokuwa kwenye msaada wa jumla wa New York, ulioendeshwa kwa pesa ya jimbo na jiji bila senti ya Washington. Kwa hao mpango wa jimbo na masharti yake yote tuliyoyaorodhesha juu hayakuwahusu. Kilichobaki ni Marekebisho ya 14 ya katiba, kwamba jimbo lisimnyime mtu mali yake bila utaratibu wa haki. Ndiyo ikabidi kwanza mahakama ikubali kwamba msaada kwa anayestahili una sura ya mali, hauishii kuwa hisani.

Na mtu asidhani tundu la 1935 liliziba. Siku 14 baadaye, 6 Aprili 1970, Mahakama hiyo hiyo ikairuhusu Maryland kuweka kikomo cha $250 kwa mwezi kwa familia, iwe na watoto wangapi.

#16 Mhasibu wa Kaunti

Kikomo cha familia ni ubunifu wa wahasibu, nakiri kwa niaba ya kada. Ukikiona kwenye taarifa ya jimbo, usigawanye malipo kwa idadi ya watu ukapata wastani wa kila mtoto. Panga familia kwa ukubwa kwanza, maana mtoto aliyezaliwa baada ya kikomo kujaa hakuongezewa chochote.